Hamamu ya Sultani Haijavunjwa

Koboko, 9 Juni 1977

Kaka yangu Sulemani,

Salamu kutoka nyumbani. Mihogo imestawi, na jirani yetu Driciru amepata wajukuu mapacha.

Umeniandikia nivuke mpaka wa Oraba nije kwako Kaya, upande wa Sudan. Nisikilize kwanza.

Jumatatu kapteni mmoja alileta lori na askari kuvunja hamamu ambayo baba yetu alimjengea sultani wa zamani. Anataka matofali ya nyumba yake. Mume wangu Lado, mlinzi wa pale, aliwazuia mlangoni. Walimfunga kamba wakamtupa ndani ya lori.

Nilipopata habari nilipita katikati yao, nikaingia hamamuni, nikavua nguo, nikashuka kwenye maji ya moto ya chemchemi. Driciru akanifuata, kisha wanawake thelathini wa mtaa.

Askari akaita kutoka nje, "Mama, toka. Kazi iko."

"Ingia unitoe," nikamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Sisi wote iko uchi."

Hakuna aliyethubutu. Nililala chali majini nikatazama kuba la baba na matao yake manane. Halina hata ufa. Jioni waliondoka bila tofali hata moja.

Lakini Lado waliondoka naye. Kambini wanasema hawamjui.

Basi siji, kaka. Wanawake tunaoga kwa zamu kutwa nzima. Na kila asubuhi nakwenda langoni mwa kambi kumwulizia mume wangu, nywele zikidondoka maji, ili wajue nimetoka wapi.

Dada yako asiyehama,
Kaltumu