Furushi la Mwanamke wa Mbao

Bibi yangu, shikamoo. Hapa Mwanza mvua imekatika sasa hivi, na mawe ya ziwani yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Jana nilikwenda Pasiansi, ufukweni, kutazama sanamu. Mchongaji ni Mrundi aliyekulia kambini. Amechonga mwanamke mkimbizi kwa mbao za mitumbwi mikuukuu, akamtwika furushi la kitenge, kitenge cha kweli. Sisi watazamaji tulikuwa tunanong'ona kama tuko kanisani. Mara akapita mama muuza dagaa, beseni kichwani. Akalitua, akamwendea yule wa mbao: "Karibu mwanangu, pole na safari." Akampokea furushi, akaliweka kivulini!

Msimamizi wa maonyesho akaja mbio. "Mama, hairuhusiwi kugusa!"

"Mgeni kafika, nanyi mnamwangalia tu na mzigo kichwani?"

Tulicheka, Bibi! Mchongaji alicheka mpaka akafuta machozi, akakataza furushi lisirudishwe. "Liacheni hapo. Amefika." Kisha tukala dagaa wa yule mama papo hapo, tumemzunguka mgeni wetu.

Nakuombea goti lipone, ucheze kwenye harusi ya Neema. Umetusimulia mara nyingi habari za yule mama wa Ngara aliyekupokea mzigo siku ulipovuka mpaka, kabla hata hajakuuliza jina, na unavyosikitika kwamba hukumwona tena. Basi mimi jana nimemwona. Siku hizi anauza dagaa.

Mjukuu wako,
Eliza