Mahekalu Matatu na Kabichi Moja

Jumanne. Upepo wa kiangazi unapiga vumbi la Ngokolo tangu asubuhi, na mimi nimekaa mbele ya cherehani nikiwa na majani ya kabichi kifuani.

Naomba nieleze.

Kabula ameshatimiza miaka miwili na bado ananyonya. Siyo kwa njaa. Ananyonya kama mtu anayepita dukani kuangalia kama kuna bidhaa mpya. Nikiwa nashona anapanda mapajani na kufunua blauzi mbele ya wateja. Nilipaka shubiri, akaifuta kwa ncha ya kanga yangu, akaendelea. Nikajaribu pilipili, halafu nikajifuta jicho kwa mkono uleule. Nikalia. Yeye kuniona nalia, naye akalia. Ikabidi nikaoge nimnyonyeshe ili tunyamaze wote.

Mama mkwe akasema dawa ni moja: niondoke, nilale huko, mtoto abaki naye.

"Na usirudi rudi," akasema. "Ukimpa hata mara moja, huyu atanyonya mpaka siku anayotolewa mahari."

Niende wapi sasa? Ndipo Mama Nilesh akajitokeza. Ni mwenye duka la vitambaa, mimi nashonea barazani kwake. Ni Mhindu aliyezaliwa hapa hapa Shinyanga, na Kisukuma chake kimenyooka kuliko cha mume wangu. Kila mwaka, mwezi wao wa kufunga, huzunguka mahekalu: la hapa mjini, la Kahama, hadi Geita. Safari hii magoti yamemkatalia na mwanawe yuko Dar. Alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Mimi ni Mkatoliki, lakini kumshika bibi mkono asianguke sioni dhambi yake.

Nikapanda gari Jumapili asubuhi bila kugeuka nyuma. Ningegeuka ningeshuka.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba ule ni mwezi wa maziwa.

Hekalu la hapa mjini tulivua viatu, tukagonga kengele, Mama Nilesh akasali, na wakati wa kutoka nikapewa kipande cheupe cha kitu kitamu. Kimetengenezwa kwa maziwa. Ndani ya gari, kwa sababu amefunga, alikuwa hali ila matunda na maziwa. Chupa ya chai ikafunguliwa: maziwa matupu yenye iliki. Masanja, dereva wake, akanimiminia kikombe. "Kunywa, mama mtoto. Yanaongeza." Nilimwangalia, akarudisha macho barabarani.

Kahama ndiko nilikokwama. Ndani ya hekalu kuna kibembea kidogo chenye maua, na juu yake sanamu ya mungu wao akiwa mtoto mchanga, pembeni kawekewa chungu cha siagi. Watu wanavuta kamba mmoja mmoja, wanambembeleza. Mama Nilesh akanipa kamba, akasema nami nivute.

Nikavuta mara moja. Kifua kikajibu.

Tulilala kwa mdogo wake Mama Nilesh. Asubuhi nikapiga simu nyumbani. Mama mkwe akasema mtoto amelia sana jana, kalala na kanga yangu. Nyuma yake nikasikia kasauti kanaita, "Mama nyonyo." Nikaenda moja kwa moja kwenye gari nikamwambia Masanja tunarudi Shinyanga. Maskini, akawasha.

Mama Nilesh akaweka mkono dirishani. "Masanja, zima." Kisha akanigeukia. "Jana amelia, siyo?"

"Amelia sana."

"Ukirudi sasa hivi, atakuwa amelia bure."

 Nikamtuma Masanja sokoni akaniletee kabichi, maana majani yake hupoza matiti yaliyojaa, na kifua kilishakuwa kama nimebeba mawe. Akauliza, "Zima au nusu?" Mama Nilesh akamjibu, "Masanja, siyo ya kupika."

Basi. Majani kwenye sidiria, tukashika barabara ya Bugarama. Huko ndiko aliko Baba Kabula, machimboni. Alikuja barabarani kutusalimia, vumbi hadi kwenye kope. Nilimweleza yote. Akakuna kichwa.

"Lakini kama analia, si umpe tu?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Nilesh akatoa kichwa dirishani. "Mpe wewe."

Baba Kabula akasema shikamoo mama, safari njema.

Geita hawana hekalu kubwa, wana chumba cha maombi nyuma ya duka. Katikati kuna jiwe jeusi linalong'aa. Kila mtu anabeba kichungu cha shaba chenye maziwa, anayamimina taratibu juu ya jiwe, halafu anaweka majani. Nilikuwa nimemshika Mama Nilesh kiwiko. Maziwa yanatiririka, kimya kizuri, na nyuma yetu mtoto wa mtu akaanza kulia.

Nikalowa mpaka kiunoni.

Nikainama kumsaidia kuweka kichungu chini, na jani la kabichi likateleza kutoka kwenye blauzi likaanguka pwaa sakafuni. Mzee mmoja wa miwani, mtu wa heshima zake, akaliokota. Akaligeuza upande huu na upande huu. Kisha akaliweka polepole kwenye sinia, pamoja na majani ya wenzake.

Nilipaswa kusema. Sikusema.

Kwenye gari dhamira ikanisumbua, nikamuuliza Mama Nilesh kama nimekufuru. Akauliza jani gani. Nilipomweleza alicheka mpaka ushungi ukaanguka. "Ni jani," akasema akijifuta macho, "na lilikuwa na maziwa. Kimekosekana nini?" Masanja alisimamisha gari pembeni ili acheke vizuri.

Tumefika Ngokolo jana jioni. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima: sitampa, hata akijigaragaza. Kabula alikuwa jikoni na bibi yake wanakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanikwa. Akaja. Hakulia. Akafunua blauzi yangu kwa kidole kimoja, akachungulia kwa uangalifu.

"Fisi kakung'ata?"

Nikamwangalia mama mkwe. Akawa anachochea moto.

Kumbe ndivyo alivyomwambia: nyonyo la mama limeng'atwa na fisi. Nami nimetoka kuzunguka nyumba tatu za ibada. Nikasema, "Ndiyo mama, kaning'ata."

Akafunika blauzi. Akaivuta chini vizuri, pande zote mbili, kama ninavyomfunika yeye akilala. Kisha akatoa tobolwa mdomoni mwake, lililotafunwa nusu, akaliingiza mdomoni mwangu.

"Pole, mama. Kula."

Akarudi kwa bibi yake, akaketi na kuendelea na sahani yake.

Nilichokitaka nimekipata, na nilikitafuta mpaka Geita. Sasa mbona nilibaki nimesimama mlangoni nalia, siwezi kutafuna wala kutema?