Kukohoa Kabla ya Kufika Mzingani

Jumamosi. Baridi kavu, upepo unaingiza vumbi hadi kwenye sufuria.

Leo nimekutana na nyegere ana kwa ana, na vidole vyangu vyote vipo.

Nilikwenda na shemeji yangu Petro kuangalia mizinga ya marehemu mume wangu, msituni upande wa Goweko. Tangu tumzike hakuna aliyeigusa. Petro anataka nimwachie yeye, anasema msitu si mahali pa mjane. Nikamwambia nikaione kwanza.

Mume wangu alikuwa na tabia moja. Akikaribia mti wenye mzinga, alikohoa kwa nguvu na kugonga mpini wa shoka kwenye shina. Nilimwona mara moja tu, tulipokuwa tumeoana karibuni. Nilidhani ana kifua.

Basi leo, Petro akiwa bado anafunga baiskeli, nikatangulia kimya kimya kama mtu anayeingia kanisani misa imeshaanza. Niliona ndiyo heshima.

Chini ya mti wa mninga, mzinga ulikuwa umeanguka, na nyegere kaingiza kichwa ndani. Akageuka. Harufu yake siwezi kuiandika. Akanguruma kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Miguu yangu ilitaka kukimbia.

"Usikimbie, shemeji!" Petro aliita nyuma yangu. "Rudi kinyumenyume, taratibu. Mwachie asali yake."

"Yake? Si ya kaka yako?"

"Leo ni yake."

Nikarudi hatua moja moja, macho kwake. Alinitazama kidogo, kisha akarudia kula.

Tulipofika kwenye baiskeli Petro alikuwa anatoka jasho. "Ungekohoa angekusikia mapema akaondoka. Kaka alikuwa anapiga hodi. Halafu wanasema huyo huwashambulia wanaume tu, tena sehemu za siri; mimi ndiye niliyekuwa hatarini!" Nikacheka mpaka machozi ya kicheko yakageuka ya kilio.

Mchana nikasoma kwenye simu watu wa nchi za baridi hufanyaje wakikutana na dubu, ambaye naye anapenda asali. Piga kelele mapema, asishtuke ukimkaribia. Usikimbie. Usisimame kati yake na mtoto wake, wala chakula chake. Rudi polepole.

Yale yale! Nani aliwafundisha? Na wapagazi wa zamani waliopita huku na misafara, labda hawakuimba ili kusahau uzito wa mizigo tu, bali pia wanyama wawasikie.

Nikakumbuka kitu kingine. Hata nyumbani mume wangu alikohoa kabla ya kufungua mlango. Nilikuwa namtania: "Ingia tu, mimi si nyegere." Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Jioni nimetoka kisimani, nikasimama mlangoni kwangu na ndoo, nikakohoa.

Ndani hakuna mtu. Nilijua. Nikangoja kidogo hata hivyo, kisha nikaingia.

Mizinga simwachii Petro. Jumamosi ijayo tutakwenda tena kuupandisha ule ulioanguka, na nitaanza kukohoa tangu njiani.