Pini Sita za Machimbo

Jumatatu, 3 Machi
Pini sita za machimbo ya mawe zimeondoka leo. Ndizo zinazoshikilia ndoo ya mashine ya kupakia mawe. Bosi wa karakana alizitaka Ijumaa, amezipata leo, bado amenuna.

Nilizipika Jumamosi kutwa, kama kawaida. Sanduku la chuma, unga wa mkaa, kifuniko kimezibwa kwa udongo, tanuri jekundu kwa saa tisa nzima. Chuma kinakunywa mkaa. Ngozi yake inakuwa ngumu, ndani kinabaki laini, kisivunjike. Miaka ishirini na sita nafanya hivyo, ndiyo maana karakana nzima inaniita Mpishi.

Ila magadi ya kuuchochea mkaa yalikuwa yameisha, na bila magadi mkaa ni mvivu. Mkaa wenyewe ulishatumika mara tatu. Bosi akasema tumia hivyo hivyo. Nikatumia. Mkerezaji wetu akapitisha tupa juu ya pini, ikateleza bila kukwaruza. Akasema chuma kimeiva. Basi.

Jumatano, 5 Machi
Katika kila sanduku naweka kipande cha ziada. Tunakiita shahidi. Kinavunjwa kwa nyundo kabla mzigo haujatoka, tuone ngozi imeingia kiasi gani. Safari hii sikukivunja — haraka, bosi kasimama mlangoni. Nimekivunja leo.

Ngozi ni nyembamba kama karatasi. Ilitakiwa unene wa sarafu. Tupa inateleza hata juu ya karatasi, na mimi ndiye niliyewafundisha wote kuiamini tupa. Vumbi la mawe litaimaliza ngozi hiyo kwa siku chache, kisha pini italika kama sabuni mpaka ikatike.

Na anayeingia chini ya ndoo ile kila siku kupaka grisi ni shemeji yangu. Kitinda mimba kwa kina mke wangu. Kazi ile nilimtafutia mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea bosi vipande vya shahidi. Akavigeuza geuza. Tupa inateleza au haitelezi? Inateleza. Sasa unataka nini, mzee? Nikasema pini zirudishwe. Akasema sawa, zikirudi watauliza nani alizipika, na yeye hatasema uongo.

Nikatoka. Mkerezaji alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nimesema jino. Akanichemshia maji ya chumvi, nikasukutua mbele yake, jino zima kabisa. Sijawahi kujidharau hivi.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amekuja kutusalimia. Nimemvuta nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Akacheka — yeye hucheka hata msibani. Shem, yaani umenipikia ugali mbichi? Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Nimempa kipimo changu, apime pini kila akipaka grisi. Amekitia mfukoni, akarudi ndani kumtania dada yake.

Jumapili, 9 Machi
Sikutoka kitandani.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji amenifuata getini kwa karakana jioni. Pini ya kushoto imelika milimita nne. Siku nane tu! Nikamwambia twende sasa hivi kwa meneja wa machimbo, tuseme wote wawili. Amekataa. Anasema nitafukuzwa, na kwa umri huu hakuna atakayenichukua, na dada yake hajazoea mume wa kushinda nyumbani. Nikienda peke yangu, atakana kwamba amepima. Nisihofu, anasema, atakuwa anapaka kwa upande mwingine.

Mashine ile naijua. Hakuna upande mwingine.

Na niandike hili, maana hakuna mwingine wa kumwambia: aliposema atanyamaza, nilipumua. Kwa dakika moja nilifurahi. Mtu anakwenda kulala chini ya ndoo ili mimi niitwe fundi, na nikafurahi. Mungu anisamehe. Mimi sijisamehi.

Jumatano, 12 Machi
Niko getini kwa machimbo, kwenye benchi la wageni. Shahidi yuko mfukoni, nimemfunga kwa kitambaa. Kazini sikuaga.

Mlinzi aliniuliza mimi nani. Ulimi ukaniponyoka, nikasema Mpishi. Akanielekeza jikoni.

Meneja yuko kikaoni. Grisi hupakwa saa nne, mashine zikipumzika. Sasa ni saa nne kasorobo. Simu ya shemeji inaita tu, huwa wanaziacha kabatini. Nimemwomba mlinzi awaite wa huko ndani kwa redio yake. Anasema bila neno la meneja hamwiti mtu.

Karani ametoka. Meneja anauliza, je, jambo langu linaweza kungoja mchana? Nimesema haliwezi, kuna mtu atakufa. Akashika kalamu. Pini zina kosa gani? Nikamweleza. Kosa la nani? Langu, nimesema. Ameandika, amerudi ndani. Hatimaye nimesema.

Saa nne kasoro dakika nane. Karani bado.

Mngurumo wa mashine umekatika. Saa haijafika. Namuuliza mlinzi mbona wamezima. Anasema leo wamewahi kuanza grisi, wana mzigo mkubwa. Nimesimama. Ananiambia nikae, mzee, nitaitwa.