Barua ya Baba Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu nyingi, zile za kukumbatiana na kusukumana kama tulipokuwa tukigombea mto mmoja. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha? Wifi yangu na wanangu wanaendeleaje? Sisi huku tunapumua, basi hatuna la kumlalamikia Mungu. Mama ameanza kula. Jana alimaliza sahani, kisha akanigombeza kwamba chumvi imezidi, nami nikafurahi, maana tangu msiba hakuwa na nguvu hata ya kumgombeza mtu.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa mkono. Mimi Dada Taipu, niliyekuwa nikichapa hata orodha ya vitu vya sokoni, leo nimeshika kalamu, na mwandiko wangu umepinda mpaka naona aibu. Nivumilie. Sababu ipo, nitaifikia.

Najua unachokisubiri. Tangu tumzike Baba, kila ukipiga simu una swali moja: ile barua uliyoniambia Baba ameniandikia iko wapi? Mara nikakuambia printa imeishiwa wino, mara umeme umekatika, mara mashine iko kwa fundi. Wino upo, Kitinda. Umeme upo. Nimekudanganya mara nne, na kila nikikata simu nakaa pale pale nalia. Barua haipo tena. Nimeifuta mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Baba alianza kuja ofisini kwangu shuleni mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi, wanafunzi walipokwisha kutawanyika. Alikaa kwenye benchi la wageni, akavua kofia, akapapasa ukingo wa meza yangu kuona kama gundi aliyoitia yeye mwenyewe bado inashika. Halafu akasema anataka kukuandikia. Niliogopa hata kikohozi changu kisimgeuze mawazo. Miaka kumi na moja hakulitaja jina lako mezani. Mama akikutaja, yeye alikuwa akiinuka kwenda kutazama mlango ambao hauna tatizo lolote.

Huhitaji kukumbushwa. Ulimwachia madawati themanini ya shule hii hii, nusu yake hayajaungwa, ukaenda zako. Wiki tatu baadaye msumeno wa umeme ukachukua vidole viwili vya mkono wake wa kulia. Tangu siku hiyo hakuandika tena. Penye kutia sahihi aliweka dole gumba. Ndiyo maana alinihitaji mimi na mashine yangu.

Barua ya Alhamisi hiyo ilikuwa chungu. Nilichapa huku nimeuma midomo. Alipomaliza alisimama, akasema atarudi, tusiitume kwanza. Baba ni seremala; hakuwahi kupeleka kwa mteja ubao ambao hajaupiga msasa.

Sasa nikueleze habari ya mashine. Jumatatu iliyofuata niliwasha kompyuta nikadhani nimekalia meza ya mtu mwingine. Programu ya kuandikia ilikuwa imebadilishwa yote. Fundi wa kompyuta wa shule anaiita apdeti, na analitamka neno hilo kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Kitufe cha kuchapa kilikuwa kimehamishwa. Kile kipicha cha kuhifadhi, nilichokibofya miaka ishirini na miwili, kilikuwa kimetoweka, na mahali pake pana alama ya wingu. Upande wa majedwali ndiyo usiseme. Nina orodha ya wanafunzi na viti vyao, na dawati la nne la darasa la tatu huwa naliandika 3/4. Mashine ikaamua hiyo ni tarehe tatu mwezi wa nne. Watoto wa shule nzima wakawa wamepangiwa siku badala ya viti! Namba za simu za wazazi nazo zikaliwa sifuri ya mwanzo, zote. Nilizirudisha moja baada ya nyingine huku nikinung'unika, mpaka mwalimu mkuu akachungulia kuniuliza kama ninaumwa.

Hayo yote ningeyazoea. Lililoniua ni tabia yangu ya kazi, na wewe unaijua kwa sababu nilikufundisha. Mimi sianzi barua kwenye ukurasa mtupu. Nafungua ya zamani iliyo na anwani juu, nafuta mwili wake, naandika mpya, nachapa, nafunga. Mashine inauliza, nihifadhi mabadiliko? Nabofya hapana. Ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Nimefanya hivyo tangu nina kiuno chembamba, na sijawahi kupoteza hata mstari.

Wiki hiyo faili zangu zikaanza kugeuka. Nafungua ruhusa ya likizo ya mlinzi, nakuta mwaliko wa kikao cha wazazi. Nafungua barua ya kuomba chaki, nakuta cheti cha tabia njema. Nikajua mara moja mchawi ni nani: mwalimu wa hesabu, ambaye hukikalia kiti changu kila ninapokwenda kunywa chai. Nilimsema mbele ya watu. Akaapa hajagusa kitu. Nikamwambia hesabu amesoma lakini adabu bado. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Lau ningenyamaza nikajiuliza mara moja tu kwa nini siku hizi mashine haiulizi chochote ninapofunga, leo ungekuwa na barua yako.

Baba alirudi mara tatu. Mara ya pili aliniambia nimsomee yote, akasikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Futa hapo kwenye vidole. Futa mpaka chini." Nikafuta. Mara ya tatu akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwake, nami nikachapa polepole kwa sababu ya machozi, na yeye akadhani ni hiyo apdeti inanisumbua. Akaniambia nisijali, vifaa vipya vyote vina ukorofi mwanzoni.

Mara ya nne aliongeza mistari michache ya mwisho. Nikamwambia tayari, tuitoe kwenye printa. Akakataa. Barua hiyo hataki kuitia dole gumba kama mtu anayechukua mzigo stesheni. Anataka kuweka sahihi, na kwa kuwa mkono wa kulia umekataa, anajifunza wa kushoto. Akanionyesha karatasi aliyokuwa akifanyia mazoezi. "Ijumaa nitakuwa nimeweza," akasema. "Tutaichapa Ijumaa."

Alifariki Jumatano.

Alhamisi asubuhi lilitakiwa tangazo la msiba, na mimi nikang'ang'ania kuliandika mwenyewe. Mjomba alisema niache, nipumzike. Ningepumzika vipi? Kuchapa ndiyo kazi ninayoijua. Nikaenda ofisini, nikafungua faili ya kwanza niliyoiona yenye anwani ya nyumbani kwetu juu. Ilikuwa barua yako. Nilijua ni barua yako, usidhani sikujua. Nikafuta mwili wake kama nilivyozoea, nikaandika jina la Baba na saa ya maziko, nikachapa nakala thelathini, nikafunga. Mashine haikuuliza kitu. Nakumbuka nilishukuru. Nilidhani leo hata mashine imenihurumia.

Niliporudi kazini baada ya wiki moja, jambo la kwanza lilikuwa kukuchapia barua yako. Nikafungua. Nikakuta tangazo. Mdogo wangu, maneno ambayo Baba alikaa miaka kumi na moja bila kuyasema yalikuwa yamekaliwa na tangazo la kumzika yeye mwenyewe.

Nilimwita yule fundi kwa sauti ambayo ilimleta mbio. "Dada, hii mpya inajihifadhi yenyewe," akasema. "Ukiandika tu, imeshika. Haisubiri ruhusa." Nikamwuliza nakala za nyuma. Akasema zingekuwepo kama sehemu hiyo ingewashwa, na kwetu hakuna aliyeiwasha. Alitafuta siku mbili, wala hakunicheka. Siku ya pili akatokea anatabasamu: kumbe siku ile ya mabadiliko mashine ilijitengenezea nakala ya kila kitu kilichokuwemo, na barua ya Baba imo. Nilimkumbatia mtoto wa watu mbele ya wanafunzi.

Kisha nikaifungua, nikaitoa kwenye printa, nikasoma. Ilikuwa ile ya kwanza, ile ya Alhamisi. Zile tatu alizozilainisha hazimo. Mashine imemtunza Baba katika siku yake mbaya kuliko zote, na siku zake nzuri imezitupa.

Nilitaka kuichana nikuambie hakukupatikana kitu. Lakini nimekwisha kukuficha mambo ya kutosha, na uongo wa tano ungenishinda kuubeba. Barua hiyo iko kwenye droo yangu. Nakupa sentensi yake moja, ile iliyo chungu kuliko zote, ili isije ikakuuma siku nyingine kupitia mdomo wa mtu mwingine. Alisema: nilikuwa na watoto wawili na vidole kumi, nimebaki na mtoto mmoja na vidole vinane. Hilo ndilo alilosema kwanza, na hilo ndilo aliloniambia nifute. Nililifuta mbele ya macho yake. Sasa utaniamini vipi, na karatasi inasema vingine?

Nakuandikia ninayoyakumbuka. Sikuongeza neno la kukupoza, na pale nisipokuwa na hakika nimeacha. Alisema msumeno ndio uliokata, si wewe. Alisema kinga ya msumeno aliiondoa mwenyewe kwa haraka na hasira, na kwamba kila fundi anajua hasira hasara, ila yeye alitaka kumpata wa kumlaumu. Alisema kijana asiyependa mbao ukimlazimisha atakutengenezea meza inayoyumba maisha yake yote. Alisema watoto wako angependa kuwaona, na kama hawatamkuta, waletwe wakalie madawati yale, wajue babu yao alikuwa na kazi safi. Katikati palikuwa na sehemu ndefu juu ya Mama ambayo imenipotea. Nimekaa nayo wiki nne, hairudi. Nisamehe kwa hiyo sehemu kuliko nyingine zote.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya mazoezi. Ni sahihi ishirini na sita za mkono wa kushoto. Za juu zinatambaa kama mtoto anayejifunza kwenda, lakini ya mwisho kabisa, pale kona ya chini, inasomeka. Nadhani ile ndiyo aliyokusudia kukuwekea.

Mistari ya mwisho sikuielewa nilipoichapa. Alisema nikuandikie hivi: asubuhi uliyoondoka nilikuta patasi zote nane zimenolewa na kurudishwa kwenye sanduku, nami sikumwambia mtu. Saba nimezitumia. Ile ndogo nimeiweka, bado ina makali yako. Nikamwuliza, patasi zipi tena, Baba? Akasema, "Wewe taipu tu. Mwenyewe anajua." Sisi wengine wote, Kitinda, kwa miaka yote hii tulijua kwamba uliondoka bila kugeuka nyuma. Mimi mwenyewe nimewahi kukusema hivyo kwa watu. Kama ningekuwa natunga ili nikufariji, hilo la patasi ningelitoa wapi?

Ijumaa iliyopita nilimwomba Mama ufunguo wa karakana. Vumbi limejaa, kofia yake ya kazi bado iko kwenye msumari. Nilifungua sanduku. Patasi saba zina meno na kutu kidogo. Ya nane iko chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa cha mafuta na kuzungushiwa uzi. Nimeileta hapa mezani ninapokuandikia, na muda mfupi uliopita nikapitisha kidole kujaribu. Hilo doa lililo pembeni mwa ukurasa huu si wino.

Jumatatu nitamwomba radhi mwalimu wa hesabu. Namba za simu zimerudi zote na sifuri zake, na viti nimevipa herufi badala ya namba, mashine imeshindwa kuvigeuza kuwa tarehe. Lakini barua ya mtu ninayempenda sitaichapa tena.

Mama anakusalimu, na anasema nikukumbushe kuvaa kitu kizito. Shangazi wa cherehani anakusalimu. Mjomba Redio naye anakusalimu sana. Habari hii hajui, na tafadhali tuiache hivyo, la sivyo mtaa mzima utaisikia kabla ya chakula cha mchana. Nisalimie wifi, na wanangu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Mungu akulinde na kila chenye makali, akupe njia ya kurudi, nawe umkute Mama akiwa bado ana nguvu za kukugombeza. Patasi yako sitaruhusu mtu ainoe.

Wako akupendaye, anayekuomba msamaha,
Dada Taipu