Sauti ya Mstari wa Nyuma

Kamwene, nakusalimu mjukuu wangu Neema. Huku Kifanya bibi yako ni mzima, anapalilia viazi.

Umeuliza kama kuandika mtandaoni bila jina, kuhusu dawa zinazokosekana zahanati ya huko Makambako, ni uoga. Mimi askari ningesema ndiyo. Lakini siku moja kambini, tuko gwarideni, mtu nyuma yangu alisema, "Maharage yana wadudu!" Sajenti akafoka, "Nani huyo?" Nikatoka mimi badala ya aliyesema, maana nilikuwa dume kweli. Nilibeba gogo mpaka jioni, na kesho yake maharage yakachambuliwa.

Mpaka leo najisifu, lakini bila yule mtu, ambaye sikumjua kamwe, ningekula wadudu kimya. Basi andika. Ila iwe kweli tupu, maana kuna mtu atatoka mbele kwa maneno yako.

Babu yako, koplo.