Mikonde ya Nyuma ya Zizi

Masama,
13 Novemba 1997

Kwako dada Aikaeli,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Himo, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili hauna shida. Upepo umeangusha migomba mingi, na kahawa hata sitaki kuitaja.

Dada, ile miche miwili ya mkonde uliyonipa nilipoolewa ilikua ikalipita paa la zizi. Mmoja ulizaa yale matunda ya njano yenye vinundu, nikawa nafyonza kokwa kama mtoto mpaka meno yanakufa ganzi. Mama mkwe naye alikula, huku akisema ni chakula cha nyani. Wa pili ulitoa maua tu. Akasema kisichozaa kinakula mbolea bure, akaniangalia mimi. Aminieli akaukata siku hiyohiyo, mume wangu huyo, bila kuniuliza.

Mwaka huu, ule mti uliobaki ulichanua vizuri, lakini haukushika hata tunda moja. Jirani yetu Mama Godlove alisikitika, akasema mikonde ni kama mipapai, ina dume na jike, na sisi tumekata dume. Nilipomweleza mama mkwe, alinijibu kwamba kweli najua kuutetea mti tasa. Juzi nao umekatwa.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Mwaka jana mimi na Aminieli tulipimwa Moshi mjini. Daktari alisema mimi sina tatizo, asiyeweza kupata mtoto ni yeye. Alilia njia nzima, akaniomba nisimwambie mtu, nami kwa huruma nikakubali. Nilimpenda, dada, na hata leo nampenda, ndiyo maana naumia.

Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo waliitwa hapa nyumbani. Aminieli mwenyewe alisimama, akasema amevumilia vya kutosha, mke huyu hazai, anataka nirudi kwetu. Mzee Filemon akaniuliza kama nina neno. Nilimtazama Aminieli. Nikasema sina.

Nitafika huko Jumamosi. Haya nimekuambia wewe peke yako, yaishie kwako. Mama mwambie nimekuja kumuuguza mguu. Akiuliza mbona nimekuja na godoro, naomba umjibu wewe, mimi sitaweza.

Wabusu watoto wote. Mungu awalinde hadi tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Yuditha